Fundi Mitambo na Wimbo wa Kikombe

Bendi ile ilikuwa na sheria nyingi zilizobandikwa ukutani nyuma ya jukwaa, na hakuna hata moja iliyofuatwa. Kutochelewa mazoezi: walichelewa. Kutopanda jukwaani ukiwa umelewa: hayo tuyaache. Lakini kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote, na hiyo ndiyo waliyoishika kama dini. Wimbo ni wa yule aliyekuwa wa kwanza kuufikisha mwisho jukwaani, watu wakiwepo. Hata kama uliutunga wewe, ukakosa usingizi kwa ajili yake, ukaulilia, mwenzako akikutangulia kuupandisha jukwaani, basi umekwenda. Atauimba anavyotaka na atabadilisha anachotaka, na wewe utabaki kumpigia makofi kama wageni wengine. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema, wakacheka, na maisha yakaendelea.

Fundi mitambo wa bendi hiyo hakuwahi kuijali sheria hiyo, kwa kuwa haikumhusu. Fundi mitambo haimbi. Kazi yake ni kufika ukumbini mapema, viti vikiwa bado vimepinduliwa juu ya meza, aburute spika, atandaze nyaya, abandike utepe mweusi sakafuni ili mpiga gitaa asijikwae, kisha aende kukaa mwisho kabisa wa ukumbi, nyuma ya watu wote, kwenye meza yenye vitufe vingi vya kupandisha na kushusha sauti, na kuhakikisha kwamba kila mtu anasikika isipokuwa yeye. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mwembamba, mwenye bisibisi mfukoni, na kukaa kitako kulimshinda tangu utotoni. Watu wote walimwita Fundi. Hata mama yake mzazi alimwita hivyo, na akimsikia anamwita kwa jina lake hasa, alijua kuna neno.

Kazi aliipenda, lakini tuseme ukweli: kilichompeleka mwisho wa ukumbi hakikuwa mapenzi, kilikuwa woga. Alipokuwa shuleni, mwalimu mmoja alimsikia akiimba bombani akichota maji, akamsimamisha mbele ya shule nzima aimbe tena. Mtoto akafungua kinywa, ikatoka hewa tupu. Akakifunga, akakifungua tena, ikatoka hewa ile ile. Wenzake walicheka mpaka mwalimu mwenyewe akashindwa kujizuia. Tangu siku hiyo, akitazamwa na watu zaidi ya watano, hata kusema jina lake ilikuwa kazi.

Wa jukwaani alikuwa dada yake mkubwa. Huyo alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni, na haya hakuzijua. Waliingia kwenye bendi siku moja, dada akakabidhiwa kipaza sauti, mdogo akakabidhiwa nyaya zake, na kwa miaka mingi mmoja aliimba na mwingine akahakikisha anasikika. Kisha dada akapata homa. Asubuhi moja alikuwa mezani anakunywa chai, akasema hajisikii vizuri, akapelekwa hospitali, hakurudi. Kikombe chake kilibaki mezani kina chai nusu. Fundi hakukiosha wala hakukimwaga. Kila siku alipita pale akikitazama, chai ikafanya utando, utando ukaota ukungu, mpaka mama alipokichukua, akakiosha, kisha akakaa chini jikoni akalia.

Wimbo ulianzia hapo. Fundi mitambo anapopima vipaza sauti, desturi ni kusema "moja, mbili, moja, mbili" hadi mate yakauke. Fundi wetu, akiwa peke yake ukumbini, alichoshwa na hesabu isiyofika tatu, akaanza kupimia maneno mengine. *Kikombe chako cha chai hukukimaliza, dada.* Wiki iliyofuata akaongeza: *Nashindwa kukiosha, nashindwa kukimwaga.* Aliwaimbia viti, na viti havicheki. Wiki kwa wiki wimbo ukakua, ukapata beti zake na kiitikio chake, na mwenyewe hakujua kwamba ametunga kitu. Alidhani anapima mitambo.

Aliyemzindua ni Sukari. Sukari ndiye aliyechukua nafasi ya marehemu kama mwimbaji mkuu, kijana mtanashati mwenye viatu vya ncha, mwenye sauti tamu na maneno matamu zaidi, ndiyo maana akaitwa hivyo. Siku moja alisahau koti lake ukumbini, akarudi kulichukua, akasimama mlangoni akausikia wimbo wote, na hakukohoa hata kidogo. Kwenye mazoezi yaliyofuata akamwambia mpiga gitaa amfuate, akaanza kuuimba. Ila kwa Sukari kila kitu duniani kilikuwa mapenzi, hata maumivu ya jino. Kwa hiyo akaimba:

*Kikombe chako cha chai hukukimaliza, mrembo,*
*Njoo umalizie kwangu, sukari nimeshaweka.*

Bendi nzima wakapagawa. Mpiga ngoma akaapa kwamba huo ndio wimbo wa mwaka. Fundi alikuwa amepiga magoti chini ya meza anaunga waya. Aliinuka ghafla akagonga kichwa.

"Huo wimbo umeutoa wapi?"

"Hapa hapa," Sukari alisema. "Si nilikusikia unaimba?"

"Ni wa dada yangu!"

"Dada yako hakuwahi kuuimba, Fundi. Nyimbo zake zote nazijua."

"Nasema unamhusu dada yangu! Hicho kikombe ni chake. Huyo unayemwita mrembo ni marehemu, ndiye aliyekiacha mezani!"

Sukari alishtuka. Tumpe haki yake, alishtuka kweli, akavua na kofia. Lakini wimbo alikuwa ameshauonja, na mtu akishaonja ni vigumu kumwambia ateme. "Pole sana," alisema. "Sikujua. Lakini sheria unaijua. Ukiutaka, panda uuimbe, mimi nitakupigia makofi. Usipopanda nitaupandisha mimi. Wimbo kama huu hauwezi kuishia kwa viti."

Wote wakamgeukia Kiongozi. Kiongozi ndiye mpiga besi, mzee wa maneno machache aliyeanzisha bendi hiyo kabla Sukari hajazaliwa. Alifikiri kidogo huku akifuta nyuzi za gitaa lake.

"Sukari hajakosea," alisema. "Lakini Fundi naye ana haki yake. Binti yangu, Jumapili hii nitakupa nafasi mwanzoni, watu wakiwa bado wachache. Wimbo mmoja tu, uufikishe mwisho, uwe wako."

Fundi akakubali kwa kichwa.

Bendi ilipiga kila Jumapili mchana. Watu walipojaa, mapazia mazito yalifungwa ili ukumbi uwe giza na taa za rangi zionekane. Lakini mwanzoni mapazia yalikuwa wazi, na mchana ulikuwa mchana. Fundi alipopanda aliona kila uso. Alimwona mwanamke anayenyonya mrija wa soda. Alimwona bwana anayechokonoa meno, na kule pembeni wawili waliokuwa wanagombana kimyakimya. Lakini alifungua kinywa, na sauti ikatoka. Ilitoka nyembamba, ya kuomba radhi, ila ilitoka, na ubeti wa kwanza ukapita.

Kwenye ubeti wa pili akasikia mvumo katika spika ya kushoto. Mtu mwingine asingeusikia. Ulikuwa mdogo kama wa nzi aliyefungiwa ndani ya kopo. Lakini kwa miaka yote ya kazi yake, masikio ya Fundi yakisikia mvumo, miguu huenda, haingoji ruhusa. Miguu ikaenda. Katikati ya mstari, katikati ya neno, aliweka kipaza sauti chini, akashuka, akapiga magoti nyuma ya spika, akachomoa waya, akauchomeka upya, akaufunga utepe. Mvumo ukakoma. Akafurahi kabisa, mikono kiunoni. Kisha akakumbuka alikuwa ametoka wapi.

Akalitazama jukwaa. Kipaza sauti kilikuwa kimelala pale, bendi wote wanamtazama, na ngazi za kupandia zilikuwa karibu sana. Hakuweza. Alijaribu kuinua mguu ukakataa. Akageuka, akatembea moja kwa moja hadi kwenye meza yake mwisho wa ukumbi, akakaa. Yule bwana wa kuchokonoa meno akapaza sauti: "Haya, mitambo imekaa sawa! Anzeni muziki basi!"

Kilichomuuma kuliko aibu ni hicho. Watu walidhani anapima mitambo. Msiba wake wote, ubeti na nusu, wameuchukulia kama moja-mbili.

"Hukufika mwisho," Kiongozi alimwambia wakati wa kukunja nyaya.

"Spika ilikuwa inavuma, Kiongozi. Nilikuwa naitengeneza."

"Najua. Na spika ilitengenezeka. Wimbo je?" Alikunja waya mwingine. "Jumapili ijayo Sukari ataupandisha. Nitakutazama kabla hajaanza. Ukinipa ishara nitamzuia upande wewe. Usiponipa, basi."

Wiki iliyofuata Fundi hakukaa. Alifungua pasi iliyokuwa nzima, akaifunga. Alihamisha kabati kutoka ukuta huu kwenda ukuta ule, akalirudisha. Alilala akaamka, akaenda kuhakikisha kama amefunga mlango, akakuta umefungwa, akaufungua ili aufunge vizuri. Aliuimbia wimbo jokofu. Aliziimbia nguo zilizoanikwa uani, na jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza nani amefiwa. Aliimba mbele ya kioo, akajiona anajitazama, na sauti ikakatika hapo hapo. Alikuwa amejiogopa mwenyewe.

"Hebu keti!" mama yake alisema. Alikuwa anachambua mchele kwenye sinia. "Unahangaika kama kuku anayetaka kutaga. Kuna nini?"

Fundi hakuwa amemwambia. Tangu msiba mama hakutaka kusikia habari za bendi, na nyumbani kwao hata redio iliwashwa kwa taarifa ya habari tu. Lakini siri ilikuwa imemfika shingoni.

"Mama, kuna wimbo nilitunga. Wa dada. Wa kile kikombe chake."

Mama hakuinua macho. "Enhe."

"Sukari anaupeleka jukwaani Jumapili. Amebadilisha. Badala ya dada anasema mrembo."

"Na mrembo alikuwa kweli."

"Anamwambia njoo umalizie chai kwangu."

Mikono ya mama ikasimama juu ya mchele. "Kwa nani?"

"Kwake. Kwa Sukari."

"Mwanangu mimi, niliyemzika mimi, aende kumalizia chai kwa yule kijana wa viatu vya ncha?" Mama alisukuma sinia kando. "Na wakati anayasema hayo, wewe utakuwa wapi?"

"Kwenye mitambo."

"Unampandishia sauti asikike vizuri."

Fundi hakuwa ameliwaza jambo hilo kwa namna hiyo, na sasa alipoliwaza alitamani asingeliwaza. "Mama, naogopa," alisema. "Sikutanii. Nikisimama pale naona kama nakufa."

"Dada yako amekufa," mama alisema. "Wewe unaona *kama*." Kisha akaona uso wa bintiye, akajuta ukali wake, akamvuta akae karibu naye mkekani. "Njoo hapa. Njoo unisaidie mchele huu, macho yangu siku hizi hayaoni mawe." Wakachambua pamoja, na Fundi akakaa kitako kwa mara ya kwanza wiki ile, ingawa mguu mmoja uliendelea kutikisika.

Jumapili alifika ukumbini kabla hata ya mwenye funguo. Alipima kila kipaza sauti, akapima tena. Safari hii alipimia moja-mbili tupu. Ule wimbo hakuugusa, aliona atauchakaza. Watu wakaja, wakaja wengi, maana Sukari alikuwa ametangaza huko na huko kwamba ana jambo jipya. Mapazia yakafungwa. Taa za rangi zikawashwa. Bendi wakapiga nyimbo walizozizoea, watu wakacheza, na Fundi kule nyuma akawa anafuta jasho kwa kitambaa cha kufutia spika.

Ukafika wakati wenyewe. Kiongozi akainua uso, akatazama mwisho wa ukumbi. Fundi akauona mtazamo huo, na papo hapo akakumbuka waya mmoja ambao haukuwa na tatizo lolote, akaanza kuutengeneza. Kiongozi akangoja. Akatazama tena. Fundi akainama kabisa chini ya meza, anajiambia sasa, sasa nainuka, sasa. Alipoinuka Sukari alikuwa ameshashika kipaza sauti.

Gitaa likaanza, besi ikaingia. Sukari akafumba macho kama kawaida yake.

*Kikombe chako cha chai hukukimaliza, mrembo...*

Sauti ya Sukari ilikuwa chini kidogo ya gitaa. Mkono wa Fundi ukaenda wenyewe kwenye kitufe chake kumpandisha, kama ulivyofanya kila Jumapili. Fundi akauona mkono. Aliuona kama mkono wa mtu mwingine, mkono wa fundi mzuri anayejua kazi yake, unahakikisha kwamba hakuna neno litakalompita mtu yeyote mle ukumbini. Akaudaka, akauvuta chini. Kitufe kikashuka nao hadi mwisho.

Katika kazi ya mitambo hakuna dhambi kubwa kuliko hiyo. Fundi anayemzima mtu jukwaani ni sawa na mpishi anayetema mate chunguni. Sukari aliendelea kufungua na kufunga kinywa bila kutoa kitu, akagonga kipaza sauti kwa kidole, akatazama nyuma ya ukumbi. Na watu wakafanya wanachofanya watu wote duniani sauti ikikatika: waligeuka kumtazama fundi. Viti vikaburuzwa, shingo zikapinduka. Kwa miaka yote alikuwa amejificha mahali pekee ambapo hakuna anayepatazama, na sasa kwa kidole chake mwenyewe amewaita wote.

Mlango wa nje ulikuwa nyuma yake, nao ulikuwa wazi. Lakini besi ya Kiongozi haikusimama. Ilikuwa inazunguka pale pale, inarudi mwanzo, inarudi mwanzo, kama mtu anayemngoja mwenzake avae viatu. Liwalo na liwe, Fundi akasema moyoni. Akachukua kile kipaza sauti kidogo cha kupimia kilichokuwa mezani.

*Kikombe chako cha chai hukukimaliza, dada,*
*Nashindwa kukiosha, nashindwa kukimwaga.*

Sauti ilitetemeka vibaya. "Kaa chini wewe!" mtu akapiga kelele. "Mwache!" mwingine akajibu. Fundi akaendelea. Na katikati ya ubeti sheria ikamjia: jukwaani. Kuimbia pale mezani hakukuwa na maana yoyote, hata angeimba mpaka kesho. Akaanza kutembea. Msidhani woga ulikuwa umeondoka. Ulishuka naye kati ya meza, ukamshika miguu, na yeye akaimba hivyo hivyo, neno kwa neno, anauburuta kama anavyoburuta spika.

Alipofika katikati ya ukumbi kitu kikamvuta nyuma. Waya umeisha. Ulikuwa waya mfupi aliouchagua mwenyewe, kwani nani angefikiri kutembea nao? Waya wa kuongezea ulikuwepo, ndani ya sanduku chini ya meza, na aliujua hata rangi yake. Akageuza kichwa. Aligeuza kichwa kabisa, na mguu mmoja ukaanza kumfuata. Kisha akaweka kipaza sauti kwenye meza iliyokuwa karibu, kando ya glasi ya bwana mmoja, akamwambia, "Nishikie," akaendelea mbele na sauti tupu ya koo lake.

Kiongozi alitikisa kichwa, gitaa likanyamaza. Mpiga ngoma akaweka vijiti akapiga kwa vidole. Na ukumbi ule uliozoea makelele ukalazimika kukaa kimya ili usikie, maana mtu asiye na spika husikilizwa kwa kutegewa sikio. Fundi akapanda ngazi. Sukari alikuwa bado amesimama katikati na kipaza sauti chake kilichokufa. Hakupenda, uso ulisema wazi hakupenda, lakini alisogea.

Fundi akageuka kuwatazama watu, na hakumwona mtu.

Taa zilimpiga machoni, na chini ya jukwaa lilikuwa giza tupu. Hakukuwa na nyuso, hakukuwa na macho. Kulikuwa na kitu kimoja tu kilichoonekana katika ukumbi mzima: kule mwisho, taa ndogo aliyoifunga yeye mwenyewe juu ya vitufe, na mwanga wake umeangukia kiti. Kilikuwa kiti chake, nacho kilikuwa kitupu.

Hapo ndipo alipojua. Siku zote dada yake alipoimba alikuwa anakaza macho mwisho wa ukumbi, na watu wakimsifu kwa hilo, wakisema huo ndio mtindo wake, anatazama mbali kama malkia. Hata Fundi alisema hivyo. Kumbe haukuwa mtindo. Dada alikuwa amesimama hapa hapa, na katika giza lote hili kulikuwa na uso mmoja tu wa kuutazama, wa mdogo wake aliyeinamia vitufe. Alikuwa anamwimbia yeye, na yeye hata hakuinua kichwa.

Sauti ikavunjika. Hakuikimbilia kuitengeneza. Aliiacha ivunjike, akalia huku anaimba, akapita ubeti wa tatu, akafika kwenye mstari ambao hakuwahi kumwimbia mtu zaidi ya viti.

*Mama amekiosha kikombe, dada, mimi kiu haijaisha.*

Mwisho. Kisha giza likalipuka kwa makofi na miluzi na watu kugonga meza, na Fundi akarudi nyuma nusura aanguke juu ya ngoma.

"Umefika," Kiongozi alisema. "Ni wako."

"Umenizima!" Sukari alimjia karibu. "Mimi! Mbele ya watu wote hawa!"

"Nimekosa," Fundi alisema. "Nakuomba radhi."

"Ungeniambia nishuke!"

"Ungeshuka?"

Sukari alifungua mdomo ajibu haraka, akafikiri. "Nisingeshuka," alisema kwa uchungu.

Huko chini walikuwa wameanza. "Rudia! Rudia!" Kwanza wachache, kisha ukumbi wote kwa pamoja na miguu sakafuni. Fundi akamtazama Kiongozi kwa hofu. Hilo hakuwa amelifikiria. Alikuwa amejipa moyo wa mara moja tu, ameutumia wote, umekwisha. Lakini sheria ile ina upande wa pili: wimbo ukiwa wako, ni wewe unayeuimba, leo na Jumapili ijayo na nyingine, na hakuna wa kukupokea. Woga ukaanza upya, kana kwamba hajaimba kabisa.

"Siwezi," alisema.

"Umeshaweza," Kiongozi alisema.

"Siwezi hivi. Pale hakuna mtu."

"Pale wapi?"

Fundi alionyesha kwa kidevu ile taa ndogo kule mwisho. "Nataka mtu akae pale."

Kiongozi alitazama kule. Alikuwa amepiga besi nyuma ya marehemu kwa miaka yote ile, na sijui kama naye alielewa kitu au aliona ni mambo ya mafundi tu. Hakuuliza. Alimgeukia Sukari. Sukari akaangalia viatu vyake vya ncha. Kisha akashuka ngazi, ananung'unika njia nzima kwamba yeye ni mwimbaji si mlinzi wa viti, akapotea gizani, mpaka uso wake ulipotokea kule mwisho chini ya mwanga, umenuna, lakini unaonekana vizuri.

Fundi akainua kipaza sauti cha Sukari. Kilikuwa kimya. "Pandisha cha tatu!" alipiga kelele kwa koo lake. "Cha tatu, hicho tu! Kingine usiguse!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kipaza sauti kikapata uhai mkononi mwake. Kule mwisho Sukari akainua mikono yote miwili juu ili Fundi aone kwamba hajagusa kitu kingine, na Fundi akamkazia macho yeye peke yake, akaanza tena tangu kwenye kikombe.